Gari Lililovuta Kushoto

Tadeo na mke wake Zita wanalima vitunguu saumu huko Tlawi, Mbulu. Wana gari moja aina ya Noah, ya zamani. Siku ya soko inabeba magunia, Jumapili inabeba familia kwenda kanisani. Tadeo anaipenda mno. Zita humtania kwamba gari linaogeshwa kuliko mwenye gari.

Siku moja Tadeo alikuwa anatoka sokoni Mbulu mjini. Mbuzi akakatiza mbele yake. Tadeo akakata usukani ghafla, na gurudumu la mbele la kushoto likagonga ukingo wa zege. Paa! Alishuka akatazama. Tairi halikupasuka. Mbuzi naye alikuwa mzima, anatafuna ganda la ndizi. Tadeo akaendelea na safari.

Tangu siku hiyo gari lilianza kuvuta kushoto. Ili liende moja kwa moja, ilibidi ashike usukani ukiwa umepinda kulia.

Tadeo hakwenda kwa fundi. Yeye amekua na punda. Mzigo wa punda ukilalia kushoto, unaongeza uzito kulia, safari inaendelea. Basi akapanga magunia yote upande wa kulia. Gari likatulia kidogo, na Tadeo akajiona fundi.

Kisha ikaja habari ya ubatizo. Binti yao Lucia, aliyeolewa Gehandu, wilaya ya Hanang, alikuwa amejifungua. Jumamosi wangekwenda wote, pamoja na Bibi Judica, mama yake Tadeo, na shangazi wa Tadeo. Bibi alikuwa bado hajamwona kitukuu wake. Kufika huko lazima ushuke mteremko mkali wa Dareda, wenye kona nyingi na bonde refu.

"Mama atakaa kulia," Tadeo alisema. "Na shangazi akae kulia pia. Ni wazito, watasaidia."

Bibi Judica aliacha kuchambua maharage. "Kwa hiyo mimi ndiyo mzigo wa punda?"

Zita hakucheka. Aliogopa. "Baba Lucia, gari sio punda. Kabla hujamshusha mama Dareda, nataka kujua hii gari inaumwa nini."

Jirani yao, mwalimu Mwita, ametoka Mara. Anafundisha ufundi wa magari kwenye chuo cha mjini. Jioni Zita alikwenda kumwita.

"Shikamoo, mama," Mwita alimsalimu Bibi Judica.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Hapa wamenifanya gunia."

Mwita alicheka, halafu akamgeukia Tadeo. "Ilianza lini kuvuta?"

"Tangu niguse ule ukingo pale sokoni. Lakini niligusa kidogo tu."

"Tuanze na rahisi." Mwita alipima upepo wa matairi yote. "Upepo ukipungua upande mmoja, gari inaweza kuvuta upande huo. Hapa uko sawa. Usukani unatetemeka ukiongeza mwendo?"

"Hapana."

"Vizuri. Ungetetemeka, ningeshuku rimu imepinda."

Zita alikuwa amechuchumaa. Akapitisha mkono nyuma ya tairi la kushoto, upande wa ndani ambao Tadeo haoshi.

"Mwalimu, mbona huku nje meno yapo, na huku ndani pamekuwa laini?"

"Umeona jambo kubwa, Mama Lucia. Hilo tairi linakanyaga vibaya, kama kiatu kinacholika upande mmoja. Papasa na ubavuni. Kuna uvimbe?"

"Hakuna."

"Afadhali. Tairi lenye uvimbe linaweza kupasuka njiani."

Walishusha magunia, wakaenda kwenye uwanja wa mpira wa shule.

"Kwa nini tusijaribu barabarani?" Zita aliuliza.

"Barabara nyingi zimeinuka katikati ili maji yaende pembeni. Pale hata gari isiyo na ubovu inaweza kuvuta kidogo. Hapa ni tambarare, haitatudanganya."

Tadeo aliendesha polepole, usukani ukiwa umenyooka, mikono ikiwa tayari. Gari likaacha mstari na kuelekea kushoto. Mwita akaomba kamba ya kufungia magunia. Yeye na Zita walipima nafasi kati ya magurudumu mawili ya mbele. Kwanza walipima kwa mbele, kisha kwa nyuma ya magurudumu hayohayo, kimo kilekile kutoka chini.

"Mbele ni pana zaidi!" Zita alisema. "Kidole kizima!"

"Vipimo hivyo viwili vinatakiwa vikaribie kuwa sawa. Gurudumu hili la kushoto linatazama nje. Nafikiri kuna chuma kimepinda."

"Na magunia yangu?" Tadeo aliuliza.

"Yalificha ugonjwa. Tena gari iliyolemewa upande mmoja ni rahisi kupinduka kwenye kona."

Tadeo alimkumbuka mama yake, na kona za Dareda. "Nilitaka kumshusha hivi hivi," alisema.

Kesho yake walipeleka gari gereji mjini, tupu na kwa mwendo wa pole. Fundi alikuta tai rodi imepinda. Hicho ni chuma kinachogeuza gurudumu unapozungusha usukani. Tadeo aliomba kigongwe nyundo kinyooke.

"Hapana, mzee," fundi alisema. "Kikishapinda kimepoteza nguvu. Kinaweza kukatika."

"Kwani hamwezi kuiweka tu kwenye mashine ya kupimia, mkanyoosha magurudumu?" Zita aliuliza.

"Ukipima na chuma kibovu kipo, unajidanganya, mama. Kwanza tunabadilisha, ndipo tunapima."

Wakaweka tai rodi mpya, wakabadilisha na tairi lililolika. Mwisho wakapima magurudumu kwa mashine na kuyarekebisha. Wakati wa kurudi Tlawi, usukani ulikuwa umenyooka na gari lilikwenda moja kwa moja. Zita alikuwa anatazama usukani njia nzima.

Jumamosi asubuhi Bibi Judica alisimama mlangoni pa gari, kitenge kipya mabegani.

"Haya, nikae upande gani?"

"Popote unapopenda, mama."

Alichagua kushoto, dirishani. Kwenye mteremko wa Dareda bonde lote lilionekana chini yao. Bibi aliegemea kioo, akawa anauliza kila kijiji jina lake. Tadeo alijibu macho yakiwa barabarani, na gari lilishika njia yake kila kona.

Walipofika Gehandu, Lucia alimkabidhi Bibi mtoto. Bibi Judica alimpokea kwa mikono miwili, akamtazama muda mrefu, machozi yakamtoka.

"Nimefika, kitukuu wangu," alisema. "Na sikuja kama gunia."