Wimbo wa Viazi

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha jiko la chai, Gathoni alimtazama mama yake kwanza. Alimtazama ndani ya simu ya zamani iliyopasuka kioo, kwenye video moja fupi. Mama mwenyewe alikuwa Doha akilea watoto wa watu, na huu ulikuwa mwaka wa pili tangu aondoke Thika na sanduku lake la kijani.

Video hiyo ilipigwa miaka kadhaa iliyopita huko Ruiru, nyumbani kwa Cucu, yaani nyanya yake Gathoni, siku binamu mmoja alipofanyiwa sherehe ya ndoa ya kimila. Wageni wa bwana harusi, watu wa Kinangop, wako nje ya geti la mabati, wanaimba wafunguliwe. Ndani wamejipanga wanawake wa nyumbani, na mbele yao amesimama Mama, leso kiunoni. Anainama kidogo upande, kama mtu anayeweka leso yake sawa. Kisha anainuka na kuachilia sauti. Anaimba kwa Kikuyu, lakini kwa Kiswahili ni kama kusema:

"Mmekuja na viazi vya Kinangop, mmekuja na matope ya Kinangop! Viazi tutavipika, matope tutayapeleka wapi?"

Wanawake wanaangua kicheko. Huko nje wageni nao wanacheka hadi wimbo unawashinda. Hapo video inakatika.

"Gathoni, hiyo chai itajipika?" baba yake, Ndung'u, aliuliza akivua viatu mlangoni. Alikuwa ametoka zamu ya usiku kiwandani.

"Naweka maji sasa hivi, Baba."

Baba aliiona simu mkononi mwake. Alichukua kibiriti akawasha jiko mwenyewe.

Gathoni alikuwa na miaka kumi na minne, na alikuwa mtoto mkimya. Watu wa ukoo hawakuchoka kushangaa. "Huyu kweli ni wa Mama Gathoni?" walisema. "Mama yake akiingia mahali hata kuku wanajua. Huyu amekaa kwenye kiti na unaweza kumkalia!" Wao walicheka na kusahau. Yeye alibaki na maneno hayo. Moyoni mwake alikuwa amejipangia jambo: kama angeweza kuongea kama Mama, kucheka kama Mama, kushika watu kwa sauti kama Mama, basi Mama asingekuwa mbali sana. Angekuwa hapa hapa, ndani ya mdomo wake.

Ijumaa hiyo shuleni, Mwalimu Mwau aliwakumbusha wanafunzi wa Gredi ya Tisa kwamba Jumatatu kila mmoja angetaja mkondo wa masomo anaotaka kuufuata sekondari: sayansi, masomo ya jamii, au sanaa na michezo.

"Msinitajie kwanza kazi yenye pesa au kazi ya mjomba," alisema. "Jiulize hivi: ni kitu gani wewe hukifanya bila kutumwa na mtu? Kuna anayepanga vitu. Kuna anayepatanisha watu. Kuna anayefungua redio ya watu kuona kilichomo ndani. Tabia yako ndiyo inayokuonyesha pa kuanzia."

"Mwalimu, mimi huongea bila kutumwa," alisema Ikhlas, rafiki yake Gathoni, na darasa zima likacheka.

"Hilo tunalijua, Ikhlas, na mkuu wa shule analijua. Na wewe, Gathoni?"

Gathoni alisimama. "Sanaa, Mwalimu. Nataka kuwa mtangazaji. Au mshereheshaji wa harusi."

Ikhlas alimgeukia macho yamemtoka. "Wewe? Gathoni, wewe ukiitwa kwenye rejista, Mwalimu hutafuta sauti chini ya dawati!"

Darasa lilicheka tena. Mwalimu Mwau hakucheka. "Sijakuuliza unataka kuwa nini. Nimeuliza wewe hufanya nini bila kutumwa."

Gathoni aliinamia dawati lake. "Jumatatu, basi," alisema Mwalimu, akamwashiria aketi.

Kesho yake, Jumamosi, ilikuwa sherehe ya Tata Wanja, mdogo wake Mama. Bwana harusi, Muriithi, alikuwa anatoka Mwea, huko kwenye mashamba ya mpunga. Gathoni na baba yake walifika Ruiru mapema. Sufuria za pilau na irio zilikuwa tayari motoni, na Mama Njau, jirani aliyekuwa akiongoza wanawake, alikuwa akitoa amri kila upande.

"Mama Gathoni hayupo," alisema Mama Njau, mikono kiunoni. "Sasa nani atawajibu wageni getini? Mimi sauti yangu ni ya kufukuza mbwa."

"Mimi nitawajibu," alisema Gathoni.

Wanawake wote walimgeukia. Cucu alimtazama, kijiko cha mbao kikiwa hewani. "Una uhakika, mtoto wangu?"

"Najua kila neno, Cucu."

Kwa kweli alilijua. Wiki nzima alikuwa amefanya mazoezi bafuni akifungulia maji ili Baba asisikie. Alijua pale Mama anapovuta pumzi, pale anapoinua kidole, hata pale anapoinama kidogo kuweka leso sawa.

Saa tano hivi magari yalisikika, kisha sauti za wanawake zikapanda nje ya geti: wametoka mbali, jua limewachoma, wafunguliwe. Mama Njau alimfunga Gathoni leso kiunoni na kumsukuma mbele. "Haya, leo wewe ndiwe mama yako!"

Maneno hayo yalimwingia kama uji wa moto. Gathoni aliinama kidogo, akainuka, akainua kidole, akaimba:

"Mmekuja na viazi vya Kinangop, mmekuja na matope ya Kinangop!"

Nje wimbo ulikatika. Kisha sauti ya mwanamke mzima ikauliza, bila kuimba, "Viazi gani tena? Jamani, tumekuja boma lenyewe kweli?"

"Sisi ni wa Mwea!" mwingine alipaza sauti. "Tumeleta mchele! Na matope tungeyatoa wapi na jua hili? Huyo anangoja wakwe wengine!"

Kicheko kililipuka nje na ndani. Gathoni alifungua mdomo atafute jibu. Mama angekuwa nalo. Mama angeligeuza kosa hilo kuwa wimbo, na wageni wangecheka pamoja naye. Yeye hakuwa na chochote zaidi ya maneno ya siku nyingine, yaliyotungiwa watu wengine. Mama Njau aliokoa jahazi kwa ile sauti yake ya kufukuza mbwa, na Gathoni akafungua leso, akapenya katikati ya wanawake, akakimbilia chumba cha ndani.

Humo chumbani bibi harusi na wenzake walikuwa wanajiandaa kwa mchezo wa kimila. Wanawake kadhaa hufunikwa leso kutoka utosini hadi vidoleni, wakatolewa mbele ya watu, na bwana harusi hutakiwa kumtambua mkewe. Akikosea, hutozwa faini na kuchekwa mpaka wajukuu wasikie. Tata Wanja alikuwepo, na rafiki yake Mutheu wa kimo kama chake, pamoja na jirani mmoja. Cucu naye alikuwa ameingia ashiriki, maana hakubali kuachwa nje ya utani.

Hakuna aliyemuuliza Gathoni kitu. Walijua. Aliketi pembeni juu ya gunia la mchele, akafuta machozi kwa kiganja. Waliokuwa wamefunikwa walianza kujaribu kutembea, na yeye akawatazama.

Alitazama mpaka machozi yakakauka.

"Tata," alisema hatimaye, polepole. "Muriithi atakujua kabla hujafika mlangoni."

"Atanijuaje na nimefungwa kama mkungu wa ndizi?"

"Unatupa mguu wa kulia nje kila hatua, kama mtu anayepiga kijiwe teke. Naye ameuona. Kila akija hapa, ukienda jikoni yeye hukutazama hadi unapotea."

Mutheu alifunua uso. "Haki! Wanja, ni kweli, unapiga kijiwe! Kumbe huyu mkimya ana kamera?"

"Mutheu, wewe tembea hivyo," aliendelea Gathoni. Alikuwa amesimama sasa, na sauti yake haikutetemeka. "Rusha mguu kidogo tu, usizidishe. Tata, wewe tembea kama Cucu. Hatua fupi, uzito wote mguu wa kulia. Na uache kufinyafinya vidole, leso inacheza hapo mbele."

"Na mimi nitembee kama nani?" aliuliza Cucu.

Gathoni alisita. "Cucu, wewe usitembee sana. Goti lako la kushoto linakuuma. Linakuuma tangu lini?"

Tata Wanja alifunua leso usoni. "Goti gani, Mami?"

"Tangu mvua ilipoanza," alinung'unika Cucu. "Sikutaka kuharibu sherehe. Wewe mtoto, nani amekuambia?"

"Hakuna. Unapopanda ngazi unatanguliza mguu mmoja tu, halafu unaukokota ule mwingine."

"Jumatatu tunaenda hospitali," alisema Tata Wanja, "na sitaki maneno."

Walipotolewa nje, muziki ulipigwa na wageni wakasimama juu ya viti. Muriithi alitembea mbele ya wale wanne akijifanya mtu anayechagua maembe sokoni. Mutheu alipopiga hatua, mguu wa kulia ukaruka kidogo, uso wa Muriithi uling'aa. Alimshika bega moja kwa moja. "Huyu hapa!"

Leso ilifunuliwa. "Niaje, bwana yangu?" Mutheu alimsalimu.

Watu walipiga vigelegele na mbinja. "Faini! Faini!" Mama Njau alirukaruka. Shangazi wa Muriithi alijishika kichwa. Tata Wanja naye alicheka ndani ya leso mpaka mabega yakamsaliti, na hivyo ndivyo Muriithi alivyompata kwenye jaribio la pili. Baadaye aliuliza, "Nani aliyenifanyia hivi?" na vidole vyote vikaelekea kwa Gathoni, aliyekuwa amejificha nyuma ya mgongo wa baba yake.

Alasiri Mama alipiga simu, wakati watoto anaowalea walipokuwa wamelala. Tata Wanja aliongea naye, akacheka, kisha akampa Gathoni simu. Gathoni alienda nayo nyuma ya tangi la maji.

"Nasikia umewaimbia watu wa Mwea viazi," alisema Mama, huku akicheka.

Gathoni alitaka kucheka pia. Badala yake kilio kilimtoka. "Nilitaka kuwa kama wewe, Mami."

"Kwa nini, mpenzi?"

"Ili usiwe mbali."

Mama aliacha kucheka, na sauti yake ikashuka.

"Gathoni, unaikumbuka siku ile ya video? Lile geti ni la mabati matupu. Mimi niliyesimama ndani ningejuaje kwamba wageni wamebeba viazi?"

Gathoni alibana simu sikioni.

"Wewe ndiye uliyelala chini ukachungulia chini ya geti. Ulikuja ukanivuta leso. Nikainama, ukaninong'oneza, 'Mami, wana magunia ya viazi kwenye pikapu, na viatu vyao vimejaa matope.' Mimi nikatia sauti tu. Mdomo ulikuwa wangu, macho yalikuwa yako."

Gathoni aliegemea tangi. Alihisi ubaridi wa maji upande wa pili wa plastiki.

"Sikiliza, mwanangu," Mama aliendelea. "Leo hukushindwa kwa sababu u mkimya. Ulishindwa kwa sababu uliacha macho yako ukaja na mdomo wangu. Kila mtu amepewa tabia yake, na kila tabia ina kazi inayoihitaji. Kuna kazi za wasemaji na kuna kazi za watazamaji wenye subira. Usichague kazi kwa sababu unamtamani mtu anayeiweza. Anza na ulicho nacho. Hayo mengine utajifunza polepole. Hata mimi huku nimelazimika kujifunza kunyamaza."

"Ni vigumu?"

"Ni vigumu sana," alisema Mama, na wote wawili wakacheka kidogo, pua zikiwa zimeziba.

Jumatatu Mwalimu Mwau alimwita Gathoni. Alisimama. Sauti yake ilikuwa ndogo kama kawaida, ila mara hii ilifika mbele.

"Mwalimu, bila kutumwa, mimi huwatazama watu wanavyotembea. Nachagua sayansi. Nataka kuwa kama wale wa hospitali wanaowafundisha waliovunjika au wanaoumwa viungo kutembea tena."

"Kuna kazi ya kutazama watu wakitembea?" Ikhlas aliruka. "Haya, mimi natembeaje?"

"Unakokota mguu wa kushoto tangu wiki iliyopita. Nafikiri soli ya kiatu imeachia."

Ikhlas aliinua kiatu. Soli ilifunguka kama mdomo wa kiboko. Darasa lilivunjika mbavu, na safari hii Mwalimu Mwau alicheka nao.

"Mmeona?" alisema alipowatuliza. "Aliyeijua tabia yake ameshapata nusu ya njia. Nusu iliyobaki ni bidii, Gathoni. Macho peke yake hayafaulu mtihani."

Asubuhi iliyofuata, Gathoni alifungua video kabla ya kuwasha jiko. Mama alikuwa mbali vilevile, na mwaka ulikuwa bado mrefu. Lakini alipofika pale Mama anapoinama, aliisimamisha picha na kuangalia kona ya chini, karibu na ule ufa wa kioo. Mkono mdogo ulikuwa umeshika leso ya Mama, na kando yake kulikuwa na kichwa cha mtoto kilichoinuka kunong'ona.

Kwa siku zote hizo walikuwa wawili humo ndani. Gathoni aliweka simu chini, akawasha jiko, akamwekea Baba chai.