Ghala Lililokubali Maharagi

Emile Mushagalusa alikosa mambo mengi mwaka ule. Alikosa barabara ya kupita bila hofu. Alikosa umeme wa kutegemea. Alikosa gari, kwa sababu lake lilichukuliwa na watu wenye bunduki. Alikosa hata nafasi chini ya kitanda chake, maana palijaa madaftari. Dawa hakukosa. Akili pia hakukosa. Lakini mtu akimuuliza, "Papa Emile, dawa hii umeipeleka wapi na wapi?", alikosa jibu. Na jibu hilo ndilo lingeweza kuokoa mtoto wa mtu.

Ilikuwa mwaka 2002, wakati wa vita vya pili vya Kongo. Emile na mke wake Francine walikuwa na depo ya dawa Nyawera, mjini Bukavu. Depo ilikuwa na matawi matatu: Kavumu, Luhwindja na Bunyakiri. Kila tawi lilipeleka dawa kwenye vituo vya afya vya karibu.

Kila tawi lilikuwa na karani na daftari. Karani aliandika tarehe, jina la dawa, namba ya loti, na kituo kilichopokea. Namba ya loti huandikwa na kiwanda juu ya kopo. Dawa zilizotengenezwa pamoja zina namba moja. Mwisho wa mwezi madaftari yaliletwa Bukavu, yakiwa yamefichwa katikati ya mikungu ya ndizi. Francine aliyasoma, kisha akayasukuma chini ya kitanda.

Mwezi wa pili ilifika barua ya kiwanda. Ilisema kwamba kinini ya loti 208 ni dhaifu. Haiponyeshi malaria. Irudishwe yote.

Francine aliyatoa madaftari arobaini na matatu. Alisoma ukurasa kwa ukurasa. Alipata vituo vitano: viwili Kavumu, kimoja Luhwindja, viwili Bunyakiri. Kazi hiyo ilichukua siku tisa. Katika siku hizo tisa vituo viliendelea kugawa kinini ileile. Huko Luhwindja, muuguzi alimpa mtoto wake mwenyewe. Mtoto akalala siku tatu bila kumtambua mama yake. Alipona kwa dawa nyingine, na watu wakamshukuru Mungu.

Francine hakusahau. Alimwambia mume wake, "Emile, homa haingoji siku tisa."

"Najua."

"Unajua, lakini madaftari ingali chini ya kitanda."

Ndipo Emile akaanza kutafuta ghala la taarifa. Ghala hilo si nyumba ya mabati. Ni mahali pamoja ndani ya kompyuta. Taarifa za matawi yote zinakusanywa hapo, na mtu anaweza kuziuliza swali moja akapata jibu moja.

Maghala yalikuwa mawili. La kwanza liliuzwa na bwana Guy, aliyesoma na Emile zamani. Ghala lake lilikaa ndani ya mashine kubwa ng'ambo. Ukitaka kuliuliza, unapitia sahani ya setilaiti juu ya paa. La pili lilitengenezwa na karakana ndogo ya hapohapo mjini. Lilikaa ndani ya kompyuta ya kawaida, katika nyumba ya mwenye taarifa.

Emile alipenda la Guy. Jumapili, baada ya misa, aliwaambia watu wote kwamba sahani itapandishwa juu ya paa lake. Karatasi za mkataba zilikuwa tayari mezani. Angetia sahihi Jumamosi.

Siku ya Jumatano jirani yao Maman Yolande alikuja kuazima pasi ya makaa. Yolande alifundisha informatiki, yaani elimu ya kompyuta, kwenye chuo kimoja cha mjini. Aliona zile karatasi.

"Papa Emile, unanunua ghala?"

"Ndiyo, maman. Ya ng'ambo. Inajibu mbio sana."

"Inajibu maswali gani?"

Emile akafikiri. "Maswali yote."

"Taja moja."

Emile akamtazama Francine. Francine ndiye aliyejibu. "Loti hii ilienda vituo gani? Miye nataka ile tu. Kama haijui ile, ibaki kwao."

Yolande akaketi. Pasi aliisahau. "Sasa tumeanza vizuri. Muntu anaandika kwanza maswali, kisha anatafuta ghala. Wengi wanaanza na ghala. Ni kama kununua kiatu huku mguu umeuacha nyumbani."

Emile akacheka kidogo. "Na ghala mbili nitazipima namna gani? Miye si mwalimu wa kompyuta."

"Unapima mchele kwa kopo moja, hapana? Hapa ni vilevile. Kila ghala lipewe mistari ileile, na swali lilelile. Na swali la kwanza liwe lile ambalo jibu yake unaijua tayari."

"Kama najua jibu, niulize kwa nini?"

"Ili ujue nani anakudanganya, papa."

Guy hakukasirika alipoambiwa kuhusu jaribio. Alikuwa na hakika ya kushinda. Francine na binti yake Aurore walichapa kurasa za madaftari kwenye kompyuta, wiki mbili nzima. Yolande aliwapa sharti moja: waandike kama karani alivyoandika, bila kurekebisha hata neno. Nakala moja walimpa Guy. Nakala nyingine Yolande aliipeleka karakana, ikaingia katika ghala la nyumbani.

Siku ya jaribio Guy alikuja na sahani yake, amevaa shati lililopigwa pasi vizuri. Yolande alikuja na kompyuta ya karakana, ya rangi ya majivu, iliyofungwa kwa kitenge. Francine akauliza swali lake: loti 208 ilienda vituo gani?

Ghala la Guy lilijibu kwa dakika moja. Vituo vitatu.

Ghala la nyumbani lilikuwa bado linatafuta. Dakika nne. Dakika saba. Guy akakunja miguu.

"Maman Yolande, ile mashine yako inaenda Bunyakiri kwa miguu?"

"Ndiyo maana itafika," Yolande akasema.

Baada ya dakika kumi na mbili jibu likatoka. Vituo vitatu, vilevile vya Guy. Lakini chini yake palikuwa na maneno mengine: *Mistari miwili ya loti 208 ina dawa isiyojulikana. Tazama.* Emile akasogea karibu na kioo cha kompyuta. Mstari mmoja ulisema: Bunyakiri, maharagi, loti 208.

"Maharagi?" Emile akauliza. "Nani ameandika maharagi katika daftari ya dawa?"

Guy akapiga goti lake. "Ndiyo ile mistari mibaya. Miye pia niliikuta, ghala langu likaitupa. Liko na akili. Linajua depo ya dawa haiuzi maharagi."

Francine alikuwa amefunika mdomo kwa kitambaa. Mabega yake yalitikisika. Walidhani analia. Alikuwa anacheka mpaka machozi.

"Ni kinini," akasema. "Jamani, ni kinini. Ni Muzee Murhula wetu, karani wa Bunyakiri. Tangu wale wa bariyeri, wenye bunduki wanaofunga barabara, walisoma daftari yake na kubeba kinini yote, haandiki tena kinini. Anaandika maharagi. Serumu, ile maji ya dripu, anaita chumvi. Miye nimezoea. Nikiona maharagi, macho yangu yanasoma kinini."

"Na hukuniambia?" Emile akauliza.

"Hukuniuliza. Weye ulifikiri siku ile Muzee Murhula aliomba makartoni kumi ya maharagi anataka kufungua hoteli?"

Hapo wote walicheka, hata Guy. Lakini Emile aliacha kucheka kabla ya wengine. Alihesabu kwa vidole. Vitatu na viwili ni vitano. Vile viwili vilivyotupwa vilikuwa vya Bunyakiri. Huko kinini dhaifu ingegawiwa mpaka kopo liishe, naye angelala akiamini kwamba amemaliza kazi.

"Guy," akasema polepole, "ghala lako lilitupa mistari mingapi?"

Guy akaangalia karatasi yake. "Elfu moja na mia mbili hivi."

"Na lilisema hivyo katika jibu?"

"Halikusema. Lilisafisha." Guy akajikuna shingo. "Papa Emile, naweza kuandika barua ng'ambo. Waongeze neno maharagi. Wiki tatu, itakuwa tayari."

"Na Muzee Murhula akibadilisha? Wale wa bariyeri wakigundua maharagi, ataandika viazi."

"Wiki tatu tena," Guy akakubali.

"Na orodha ya majina yetu ya siri itakaa kwa watu nisiowajua."

Guy akaikunja karatasi yake.

Yolande akamwonyesha Francine sehemu nyingine ya ghala la nyumbani. Ilikuwa kama kamusi ndogo. Upande mmoja neno la karani, upande mwingine jina la kweli la dawa. Francine akachapa kwa kidole kimoja: Bunyakiri, maharagi, kinini. Kisha akauliza tena lile swali. Mara hii vilitoka vituo vitano.

"Umeona?" Yolande akasema. "Mistari ya Muzee Murhula hatukuigusa. Imebaki kama alivyoiandika. Tumeongeza tu maana. Neno likibadilika kesho, mnaongeza mstari mumoja katika kamusi, na majibu yote yanafuata. Lakini ukitupa mstari mlangoni, hakuna kamusi itaurudisha."

"Basi ghala la Guy ni baya," Emile akasema.

"Hapana, papa. Usiseme vile. Muntu mwenye wateja elfu mia, katika mji wa amani, pale majina yote yako sawa na laini haikatiki, angefanya vizuri kuchukua la Guy. Iko mbio, na ulinzi wa mashine unafanywa na wengine. Weye uko na madaftari ya vita. Ghala lako lazima livumilie vita."

"Na umeme ukikatika?"

"Betri mbili za gari. Na kila Ijumaa unatoa nakala kwenye sidii, unaiweka nyumba nyingine. Ghala la nyumbani liko na kasoro yake: likiungua nyumba, linaungua nayo. Bila nakala, ni bora ubaki na kitanda chako."

Emile hakutia sahihi mkataba. Alimsindikiza Guy mpaka barabarani, wakiwa wamebeba sahani pamoja, mmoja huku na mwingine kule.

"Utawaambia nini wale wa misa?" Guy akamuuliza.

"Nitawaambia paa langu lilikataa," Emile akasema.

Miezi ikapita. Francine alijifunza kuuliza maswali, kisha akajifunza kutengeneza nakala. Kila Ijumaa sidii ilienda kwa Maman Yolande ndani ya mfuko wa unga. Kamusi ikafika maneno thelathini na moja, na sasa makarani na wauguzi wa matawi yote waliita kinini maharagi. Chini ya kitanda sasa palikuwa na viatu tu. Madaftari yenyewe yalihifadhiwa ndani ya sanduku la bati, maana Yolande aliwakataza kuyachoma.

Mwaka uliofuata, asubuhi ya Jumanne moja, barua ya kiwanda ikafika tena. Kinini. Loti 417. Dhaifu. Irudishwe.

Emile aliisoma akiwa amesimama. Alikumbuka zile siku tisa.

Francine alimimina chai, akaiweka kando, akaiuliza kompyuta. Mashine ilienda kwa miguu kama kawaida yake. Jibu lilipotoka, chai ilikuwa bado inatoa mvuke. Vituo saba. Hakuna mstari usiojulikana.

Vituo sita vilikuwa karibu na foni, ile redio ya kuongea kutoka mbali. Foni husikiwa na kila mtu, hata watu wa bariyeri. Emile akashika kipaza sauti.

"Kavumu, Kavumu. Maharagi ya gunia 417 imeoza. Msipike. Fungeni gunia. Mumesikia?"

"Tumesikia, papa. Gunia imefungwa."

Luhwindja wakafunga. Bunyakiri, Muzee Murhula mwenyewe alijibu. "Imefungwa, papa. Na ile ya kituo cha pili nimetuma muntu, nayo imefungwa." Kabla ya saa sita, vituo sita vilikuwa vimefunga. Emile akakaa chini. Ni kama mtu alimtua mzigo aliopanda nao mlima.

Kilibaki kimoja. Kilikuwa mbele kupita Bunyakiri, karibu na Hombo, na hakikuwa na foni. Muuguzi wake alikuwa Sista Eulalie. Padri mmoja wa huko alikuwa anaondoka Bukavu mchana uleule. Emile akachukua karatasi, akaandika kwa mwandiko wake wa kunyooka:

*Sista Eulalie, amani. Ile maharagi ya gunia 417 usiwapikie watoto. Haina nguvu. Iweke kando, utapata nyingine wiki hii kutoka kwa Muzee Murhula. Tumejua leo asubuhi, na tunakuandikia leo.*

Francine aliisoma. Alilinganisha namba na ile ya kwenye kioo, tarakimu kwa tarakimu. "Nne, moja, saba. Ni yenyewe."

Emile akakunja karatasi mara tatu, akaitia ndani ya bahasha, akapaka gundi, akaibana kwa kiganja mpaka ikashika. Padri alikuwa mlangoni tayari, kofia mkononi. Aliipokea, akaiweka ndani ya kitabu chake cha sala, na gari likaondoka kuelekea Kavumu, njia ya Bunyakiri na Hombo.