Kiriba Kilichovunja Ndoa Yangu

Mwaka 1949 nilikuwa na miaka kumi na tisa, mjamzito, mke wa Selemani, fundi seremala wa Keko. Shule sikwenda. Nasimulia kama nilivyoyaona.

Selemani alipata kazi ya kutengeneza milango ya duka, mbali, kaskazini ya Kenya, ng'ambo ya jangwa. Tuliondoka tumenuniana. Keko nzima ilijua ana mwanamke mwingine! Nikamfuata nikidhani safari itatupatanisha... Mjinga mie!

Jangwa sikuwahi kuliona. Mawe meusi, mchanga, upepo wa moto kama umefunua tanuri. Ndani ya lori alikuwamo bibi mgonjwa, nikamnywesha maji ya kiriba chetu, ule mfuko wa ngozi. Selemani akafoka mbele ya abiria wote:

"Maji yako umeshampa huyo! Ukinywa tena maji ya kiriba hiki, talaka yako hiyo!"

Sie watu wa pwani tunakijua kiapo hicho. Kikishatamkwa, hakirudi mdomoni. Nikinywa, nimeachika.

Jioni lori likazama mchangani, ekseli ikakatika. Maji ya dereva yalikuwa yameishia kwenye rejeta. Kikabaki kiriba chetu. Selemani, aliyefoka bibi aliponyweshwa, sasa akamgawia kila mtu funda moja. Isipokuwa mie.

Dereva, mzee wa Kisomali, akamwambia, "Bwana fundi, mpe mkeo maji. Ana mimba huyu!"

"Kwani nani kamkataza? Maji hayo hapo. Masharti anayajua."

Akakiweka kiriba katikati yetu, akajilaza.

Mnanielewa, wasomaji? Alikuwa anataka ninywe, niachike kwa mkono wangu mwenyewe!

Sikunywa. Ulimi umeniganda, nami nalinda ndoa... Kesho yake mchana mtoto akaacha kucheza tumboni. Ndipo nilipokikamata kile kiriba kwa mikono miwili.

Selemani akatabasamu. "Mashahidi mmeona."

Lori jingine lilituokoa. Mtoto alizaliwa kabla ya siku zake, kimya... Aliyemzika ni yule dereva. Baba wa mtoto alikuwa anapima milango!

Nikarudi kwetu Temeke peke yangu, nikakaanga vitumbua barabarani mpaka nikasimama.

Wanangu, talaka siililii. Naulilia ule usiku niliosubiri. Mume akikuwekea ndoa ndani ya maji ya kunywa, kunywa! Kunywa mapema, ushike njia yako.

Leo nina nyumba ya bati, vyumba sita. Nina cherehani, mbuzi watatu na minazi. Na mtungi mkubwa mlangoni, kata juu yake. Apitaye anakunywa, haulizwi.