Mapigo ya Fundi Saa

Jumamosi saa nne asubuhi, katika ukumbi wa chini wa jengo la maduka linalotazamana na hospitali, nesi mmoja alipigwa kikumbo na mtu aliyebeba godoro, na saa yake ikaanguka. Ilikuwa ile saa ndogo ambayo wauguzi huibana kifuani kwa pini. Ikabiringika katikati ya miguu ya watu wasio na muda wa kutazama chini. Mwanamume aliyekuwa nyuma ya meza ya kioo, lenzi nyeusi jichoni, aliinuka na kunyoosha mkono kama askari wa barabarani.

"Simameni kidogo jamani, kuna mgonjwa chini."

Watu wakasimama. Aliiokota saa, akaiweka sikioni.

"Imekata roho. Lakini kazi yangu ni kufufua. Njoo uichukue saa kumi."

"Na saa kumi nitaijuaje, fundi, wakati saa unayo wewe?"

Fundi alitoa lenzi, akamtazama vizuri: sare nyeupe iliyonyooshwa kwa pasi, sweta ya bluu, viatu vya raba, na macho ya mtu asiyedanganyika.

"Nitakupigia simu. Nipe namba."

Hivyo ndivyo namba ilivyopatikana, kwa njia halali kabisa. Saa kumi simu ilipigwa, na haikuacha kupigwa tena.

Mwezi wa tatu wa simu hizo ulipoingia, fundi alikuwa hoi kwa mapenzi. Moyo ulimwenda mbio hata akiwa amekaa. Usingizi ulimpaa. Alitoka jasho wakati wenzake wamevaa makoti, na suruali zilimpwaya ingawa alikula chakula cha watu wawili. Dada yake mkubwa, mjane aliyeishi naye, hakuona cha ajabu.

"Mapenzi hayo, mdogo wangu. Marehemu shemeji yako alinikondesha hivyohivyo. Oa, utanenepa."

Fundi aliamini, maana ni raha kuamini jambo kama hilo. Kitu kimoja tu alikificha: vidole vilikuwa vimeanza kutetemeka. Skrubu za saa zilimponyoka, akawa anapiga magoti kuzitafuta chini ya meza huku wateja wanangoja. Fundi saa asiye na mkono mtulivu hana kazi, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Nesi naye alikuwa na siri. Kila Jumapili walikaa kwenye benchi la bustani ya manispaa wakila karanga, wameshikana mikono, na vidole vyake viwili viliteleza polepole hadi kwenye kifundo cha mkono wa mpenzi wake. Kisha aliinamisha macho kwenye saa. Msimamizi wake wa wodi alimfundisha mambo mawili: mtu akijua anahesabiwa, pumzi na mapigo hubadilika, na nesi hampi mtu ugonjwa ambao daktari hajampa. Basi akawa anahesabu kimyakimya, Jumapili tatu mfululizo, apate uhakika. Mafunzo mazuri, ila yalikuwa ya wodini, na wao walikuwa bustanini.

Fundi aliona jambo moja tu: anamshika mwanamke mkono, mwanamke anatazama saa. Kwa miaka ishirini ameishi na watu na saa zao. Hajapata kumwona mtu akitazama saa mara tatu mahali anapopapenda.

Jumatatu akapiga simu.

"Nesi wangu, kuna mtu anakusubiri kila Jumapili?"

"Mtu gani tena?"

"Mimi nitamjuaje? Anayetazama saa ni wewe."

"Hilo siwezi kukueleza kwenye simu, mpenzi."

"Basi usinieleze. Mfuate, usije ukachelewa."

Akakata. Siku nne hakupokea simu. Dada alisema hata kununa ni dalili ya mapenzi, na kwa mara ya kwanza fundi hakumwamini.

Ijumaa mchana nesi alifika kwenye meza ya kioo akiwa na sare yake, mkononi karatasi moja nyeupe.

"Nyoosha mikono yote miwili."

"Kwa nini?"

"Nyoosha kwanza, halafu unifukuze."

Akanyoosha. Nesi alilaza karatasi juu ya vidole. Karatasi ikatetemeka, na mle ukumbini hamkuwa na upepo.

"Tangu lini?" nesi akauliza kwa sauti ndogo.

"Mwezi wa pili huu."

"Ukanificha."

"Na wewe ulikuwa ukitazama saa."

"Nilikuwa nahesabu mapigo yako. Mia moja ishirini na nne, mtu umekaa unakula karanga. Nahofia tezi ya shingoni. Mimi si daktari, ndiyo maana nikanyamaza, na nilikosea. Ningekwambia siku ya kwanza. Nisamehe."

Fundi alitazama karatasi, kisha akamtazama yeye. "Kwa hiyo hakuna mwanamume mwingine."

"Yupo. Daktari. Ana miaka sitini, na anatusubiri kesho saa mbili."

Damu ilipimwa, na ilikuwa tezi kweli, inafanya kazi kupita kiasi na kuuendesha mwili mbio. Daktari alitoa vidonge, akaonya visiachwe hata siku moja. Moyo kwenda mbio, kukosa usingizi, jasho na kukonda, alisema, ndizo dalili zenyewe. Dada aliyekuwa amemsindikiza alifikiri kidogo.

"Sasa mimi kwa marehemu nilikuwa naumwa nini?"

Daktari aliandika dawa.

Vidonge vilifanya kazi. Vidole vilitulia, suruali zikakaa kiunoni. Na kadiri alivyopona, ndivyo fundi alivyoingiwa na hofu. Kila alichokiita mapenzi kilikuwa kinaondoka, kimoja baada ya kingine. Je, kitabaki nini? Nesi naye aliogopa, maana amewaona wengi wakipona: wakiwa kitandani wanakubariki, wakitoka getini hawakumbuki hata sura yako. Jumapili za bustanini zikakoma bila mtu kuzikomesha, na simu zikawa fupi.

"Umemeza dawa?"

"Nimemeza."

"Umelala?"

"Kama gogo."

"Vizuri," nesi alisema, na ikamuuma.

Siku ya kurudi kliniki ilipofika, nesi wa zamu alikuwa yeye. Fundi aliketi mbele yake kwenye kiti cha plastiki, shati limepigwa pasi, uso umejaa. Nesi alimshika mkono, akatazama saa. Alihesabu dakika nzima.

"Sabini na mbili. Umepona, fundi."

"Sasa moyo umetulia?"

"Umetulia kabisa."

"Na usingizi ninao, jasho sina. Kwa hiyo ninachosema leo si ugonjwa." Hakuutoa mkono. "Nakupenda. Nataka nikuoe."

Nesi aliinamia faili ili wagonjwa kwenye foleni wasimwone macho. Fundi aligeuza mkono, vidole vyake viwili vikatua kwenye kifundo cha mkono wa nesi. Aliyetengeneza saa kwa miaka ishirini, dakika anayo kichwani. Hakutazama saa yoyote, alimtazama yeye usoni mpaka dakika ikaisha.

"Mia moja na nane," akasema. "Nesi, nahofia anayeumwa sasa ni wewe."

"Niache hivyohivyo," nesi akasema. "Nitakuja nyumbani jioni, nizungumze na dada."