Msikilizaji Asiye na Kadi

KUHUSU: UNYEVU USIO NA MWENYEWE KATIKA ZULIA LA CHUMBA CHA WATOTO

Ndivyo ulivyoanza waraka wa Mkuu wa Maktaba, kwa herufi kubwa, na mstari ukapigwa chini yake kana kwamba unyevu ungeusoma na kuona aibu. Nakala zilikwenda kwa fundi bomba, kwa idara ya usafi, na kwa mama wa chumba cha watoto. Fundi bomba akajibu kuwa chumba kile hakina bomba hata moja, kwa hiyo unyevu wake haumhusu. Idara ya usafi ikajibu kuwa wao hushughulikia uchafu, na maji si uchafu. Mama wa chumba cha watoto peke yake hakujibu kitu.

Yeye ndiye aliyekuwa anajua.

Watoto, zamani walipokuwepo, walimpachika jina la Bibi Kimya, na jina lenyewe lilitokana na kidole. Kelele zikizidi hakufoka wala hakugonga meza. Aliinamia mpiga kelele, akainua kidole cha shahada na kukiweka mdomoni. Si mdomoni mwake yeye. Mdomoni mwa mtoto mwenyewe, taratibu, kama mtu anayezima mshumaa. Mtoto alinyamaza papo hapo. Wengine walisema kidole kile kilikuwa na baridi.

Kila Alhamisi, jua likielekea kuzama, kulikuwa na Saa ya Hadithi. Miaka ya nyuma chumba kilifurika. Kisha watoto wakaanza kupungua mmoja mmoja kama nywele za utosini, mpaka ikafika Alhamisi asiyokuja hata mmoja, na iliyofuata, na iliyofuata. Bibi Kimya alipanda ngazi kwenda kwa Mkuu.

"Nisome kwa nani, Mkuu?"

Mkuu alifungua kanuni, akapitisha kalamu juu ya mistari. "Hapa pameandikwa Saa ya Hadithi itafanyika," alisema. "Hapakuandikwa itasikilizwa."

Basi ikawa inafanyika. Bibi Kimya alipanga viti vidogo nusu duara, akavaa miwani, akavisomea viti.

"Dada, wanafunzi wako wanaendeleaje?" mlinzi wa getini alizoea kumtania, akichungulia dirishani.

"Wanakushinda wewe, mzee. Hawasinzii kazini."

Mlinzi alicheka mpaka akakohoa, kisha akarudi getini kwake, na chumba kikarudi kuwa kitupu kuliko mwanzo.

Nyumbani hakukuwa tofauti. Chumba chake kilikuwa na vitanda viwili, na cha pili kilikuwa cha mdogo wake. Walilala humo pamoja tangu utoto mpaka mvi za kwanza, wakizozana kuhusu dirisha, mmoja akitaka lifunguliwe na mwingine lifungwe. Kisha mdogo mtu akaolewa, ukubwani hivyo, akaenda kuishi mbali. Bibi Kimya aliendelea kutandika vitanda vyote viwili. Mwanzoni simu ilikuja kila Jumapili. Baadaye ikawa inakuja Jumapili kadhaa. Baadaye ikawa inakuja akikumbukwa.

"Ni mtandao, dada," mdogo wake alisema. "Mtandao wa huku una mambo."

"Eti mtandao," Bibi Kimya alijibu, na wote wawili wakacheka kwa adabu.

Vitabu alivyovisoma vilikuwa vya mfululizo mmoja, wenye majalada ya bluu yaliyochakaa pembeni. Vilisimulia juu ya mabinti watatu wa mfalme wa kilindi, nguva wote watatu, binadamu mpaka kiunoni na samaki kushuka chini. Kifunguamimba alikuwa mbabe wa kutoa amri. Wa Kati alikuwa mwoga mwenye mdomo mrefu. Kitindamimba ndiye aliyepotea kila kitabu, maana bila yeye kupotea kusingekuwa na kitabu. Waliiba kitana cha pweza mkuu, walishindana mbio na kimbunga. Na kila walipotawanyika, Kifunguamimba aliyapiga maji kwa mkia, pa, pa, pa, akaita:

"Wangapi?"

"Mimi!" alijibu Wa Kati.

Hapo msomaji alitakiwa kunyamaza. Hapo ndipo chumba kizima cha watoto kilipopiga kelele pamoja: "Na mimi!" Kwa kelele hiyo peke yake Bibi Kimya hakuwahi kuinua kidole.

Watoto waliondoka, lakini mazoea hayakuondoka. Aliendelea kuacha ule ukimya mfupi, akitazama viti, kisha akaendelea na ukurasa.

Mpaka Alhamisi moja ya kiangazi.

"Wangapi?" alisoma. "Mimi." Akanyamaza.

"...Na mimi."

Sauti ndogo. Ilitokea nyuma, karibu na rafu fupi.

Miwani ilimteleza. Harufu ilimfikia kabla hajaona kitu: shombo, chumvi, na mwani uliooza juani. Mji ule ulikuwa mbali na bahari kiasi kwamba chumvi yote watu waliyoijua ilitoka dukani.

Kwenye zulia alikaa msichana mdogo. Nywele zilimnata usoni, zikichuruzika. Alikuwa amejifunika koti la mvua la mtu mzima, lile ambalo lilikuwa limesahauliwa kwenye msumari wa nyuma ya mlango, na miguu yake aliikunja chini ya koti, haikuonekana.

"Umekuja na nani, mwanangu?"

"Peke yangu. Nimeachwa."

"Umeingilia wapi?"

Msichana alionyesha chini, kwenye zulia.

Bibi Kimya alifungua mdomo. Swali lililotoka lilikuwa la kazini. "Kadi unayo?"

"Sina. Endelea."

Angeweza kumwita mlinzi. Mtu mwenye watoto chumba kizima angemwita. Lakini yeye alikuwa amevisomea viti kwa muda mrefu mno, na hakuwa tayari kumfukuza msikilizaji kwa ajili ya kadi. Akarudisha miwani, akaendelea. Alipoinua macho mwisho wa sura, palikuwa na doa la maji tu, lenye upana wa mtoto aliyekaa.

Ndivyo ilivyokuwa kila Alhamisi. Hakumwona akiingia wala akitoka. Aligeuza ukurasa, na mtoto yupo. Aligeuza mwingine, hayupo. Unyevu ulienea, waraka ukaandikwa, mafundi wakajibizana. Mzee mmoja wa idara ya ujenzi alikumbuka kwamba jengo lile, kabla halijawa maktaba, lilikuwa la watu wa maji, na kwamba chini ya chumba cha watoto kulizibwa tangi kubwa kwa zege. Mkuu alimshukuru na kumweleza kuwa tangi lililozibwa, kwa mujibu wa taratibu, halina maji.

Wakafika kitabu cha mwisho kilichokuwepo rafuni. Ndani yake mabinti walipanda mto kufuata sauti ya ngoma, mto ukakauka ghafla, na Kitindamimba akabaki upande wa nchi kavu. Dada zake wakapiga maji. Wakaita. Na hapo kitabu kikaisha, kikiahidi kingine.

"Walimpata?" msichana aliuliza.

"Kitabu kingine hakijaja."

"Nitarudije, basi?"

Alisema hivyo. Hakusema *atarudije*. Bibi Kimya alisikia vizuri sana, na usiku huo usingizi ulimruka.

Kesho yake alipanda ngazi. "Mkuu, nakihitaji kile kitabu kinachofuata. Nina msikilizaji."

"Ana kadi?"

"Hana."

"Basi huna msikilizaji," alisema Mkuu kwa upole, na kurudisha faili kwenye rundo.

Jumatano jioni simu ikalia nyumbani. Mdogo wake hangeweza kuja likizo ile. Wala ile nyingine, pengine. Shemeji alikuwa na mambo yake. "Usinune, dada. Na hicho kitanda changu kiondoe, utapata nafasi ya kutosha."

Bibi Kimya alikitandika shuka safi.

Alhamisi msichana alikuwepo hata kabla viti havijapangwa.

"Walimpata?"

Bibi Kimya alikifungua kile kitabu cha zamani katikati, kana kwamba ndicho kipya. Akatazama kurasa bila kuzisoma. Angeweza kutunga lolote. Angeweza kusema dada zake walipita chini ya ardhi, kwenye mishipa ya maji, mpaka wakafika. Sentensi moja tu ingetosha.

"Waliita," alisema. "Wakaita, wakaita... wakachoka. Wakarudi kwao. Kitindamimba akapata chumba kikavu, na mama mmoja wa kumsomea. Akakaa hapo."

Msichana alijikunyata ndani ya koti.

"Hawaji tena?"

"Hawaji."

"Kitabu ndivyo kilivyosema?"

"Ndivyo kilivyosema."

Safari hii aligeuza ukurasa, na mtoto alibaki. Akaugeuza mwingine. Alibaki.

Ijumaa alikuwepo nyuma ya rafu fupi. Jumamosi pia. Bibi Kimya alifunga mlango kwa ufunguo, akabandika kikaratasi cha *Ukaguzi wa Zulia Unaendelea*, na kwa kuwa kilionekana cha kiserikali, hakuna aliyekihoji. Alimletea blanketi kutoka kitanda cha pili. Alimsomea asubuhi, mchana, jioni. Hakuwahi kuwa na wiki nzuri kama ile.

Ila mtoto alikuwa anakauka.

Kwanza nywele. Kisha midomo. Ngozi ya mikono ikaanza kubanduka pembeni kama jalada kuukuu, na chini yake hapakuwa na wekundu wa nyama, palikuwa na kijivu kinachong'aa. Bibi Kimya alimpangusa kwa kitambaa kibichi. Maji yalizama kama yaliyomwagwa kwenye mchanga. Kutoka chini ya koti, mahali pa miguu, ilisikika sauti kila alipojigeuza... kwaru... kwaru... kama majani makavu yanayoburutwa.

"Bibi, naumwa."

"Utazoea, mwanangu."

Alijua dawa. Ilikuwa ni kusema tu: *nilikudanganya*. Kila jioni aliliweka neno hilo ulimini, na kila jioni alilimeza.

Alhamisi iliyofuata, giza likianza kujikusanya madirishani, viti vilitetemeka.

*Pa.*

Chini ya sakafu.

*Pa.*

*Pa.*

Mlinzi alikuja mbio dirishani, kofia mkononi. "Dada! Umesikia? Kuna kitu huko chini."

"Panya, mzee."

"Panya gani anapiga makofi?" Alinusa, uso ukambadilika. "Na hiyo harufu... Dada, toka humo. Mimi siongei utani leo. Toka."

"Nenda getini, mzee wangu. Nakuja."

Hakungoja kuambiwa mara ya pili. Nyayo zake zilipotea. Kisha zulia likaanza kulowa. Maji yalipanda kutoka chini, baridi, yakapita kwenye nyuzi, yakavizunguka vidole vya Bibi Kimya.

Sauti ikaja. Ya mwanamke, nzito, ya mbali, iliyopita kwenye zege kama mtu anayeita kutoka chumba cha pili.

"*Wangapi?*"

Na nyingine, nyembamba, ya uoga:

"*Mimi.*"

Kisha wakanyamaza. Ukimya ule ule mfupi. Bibi Kimya aliujua urefu wake kuliko mtu yeyote aliye hai.

Msichana alikuwa amekaa wima, macho yamemtoka.

"Wamekuja," alinong'ona. "Kitabu kilisema hawaji... Bibi, wamekuja!"

Akavuta pumzi. Akafungua mdomo.

Bibi Kimya aliona viti vidogo nusu duara. Aliona kitanda na shuka lake safi. Alisikia *ni mtandao, dada*.

Akainama. Akainua kidole.

Taratibu.

Chini ya zege walisubiri. Walisubiri kuliko kitabu chochote kilivyowahi kusema. Ikasikika *pa* moja, dhaifu, isiyo na nguvu ya kuuliza tena... halafu maji yakaondoka, yakinyonywa kurudi chini kwa mkoromo mrefu, na zulia likabaki limekauka kama halijawahi kuona tone.

Na mtoto pia alikuwa amekauka. Siku hizi hukaa kitini, kwenye kile cha mwisho kushoto. Haulizi kama walimpata. Haumwi. Bibi Kimya humsomea kila Alhamisi, na anapofika kwenye "Mimi" hunyamaza, akimtazama kwa juu ya miwani. Mtoto humtazama pia.

Hajajibu hata mara moja.

Jumapili ya kwanza baada ya siku ile simu ililia. "Haloo? Dada?" alisema mdogo wake. "Dada, uko hapo?"

"Niko, mdogo wangu."

"Dada? Mbona nasikia maji tu... Haloo?"

"Niko! Niko hapa!"

"Dada, jibu basi."

Alipiga tena Jumapili iliyofuata, na iliyofuata, kila siku aliyoweza, akiita na kuita, akalia mara moja. Bibi Kimya alijibu mpaka sauti ikamkauka. Kisha simu zikawa za nadra. Kisha zikakoma.

Waraka wa mwisho wa Mkuu ulisema kwamba unyevu wa zulia ulijirekebisha wenyewe, kwamba chanzo hakikujulikana, kwamba wahusika wote wanapongezwa kwa ushirikiano wao, na kwamba suala limefungwa.

Kilichotokea ni kwamba dada za mtoto yule walikuja kumchukua, naye alitaka kuwaitikia, na Bibi Kimya alimziba mdomo.