Jina Lililofumuliwa

Kwa mujibu wa Redio, fundi viatu wa kibaraza cha pili, mambo yalikuwa hivi: saa saba na robo mchana, mke wa mwenye oda aliingia dukani kwa kunyata, kichanga kikiwa begani. Dakika mbili baadaye akatoka mbio kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Nimemwona kwa macho haya mawili," alisema, msumari ukiwa mdomoni. "Simsingizii mtu mie. Naeleza tu."

Kimya, fundi wa kudarizi, alimsikiliza hadi mwisho. Mezani kwake palikuwa na shali nyeupe ya mtoto. Asubuhi ile ilikuwa na jina pembeni, Zainabu, herufi saba za uzi wa kijani. Saa saba alikimbia kununua vifungo, akauegesha mlango bila kuufunga. Aliporudi, saa nane kasorobo, jina halikuwepo. Kitambaa kilikuwa kizima, vitundu vya sindano tu.

"Mlango uliuacha wazi wewe," bosi wake alimwambia. "Baba mtoto anakuja saa kumi. Usiponipa aliyefanya haya, kesho usije."

Kimya aliketi, akasimama, akaketi tena. Alikuwa amefagia vipande vya nguo za watu miaka miwili kabla ya kupewa sindano. Akakumbuka siku ya oda. Baba mtoto, mkewe na dada wa huyo baba walibishana juu ya jina hadi wapita njia wakasimama. Bibi wa mtoto hakutia neno. Aliokota sampuli, akaigeuza, akatazama mgongo wake kwanza.

Saa nane na nusu Kimya alikuwa nyumbani kwa baba mtoto, nyumba ya tatu nyuma ya duka.

"Nilikuja, sikatai," mama mtoto alisema, akimpapasa mwanawe mgongo. "Hilo jina nani analitaka siku hizi, mdogo wangu? Darasani kwetu walikuwa wanne: Zainabu Mrefu, Zainabu Mfupi, Zainabu wa Dirishani na Zainabu Basi-Tu. Mwalimu akiita mmoja, wanasimama wote."

"Wewe ulitaka lipi, dada?"

"Zeyna. Wifi yangu anang'ang'ania Zena. Mume wangu kasema ni la mama yake, mjadala umefungwa. Nilikuja kukubembeleza ubadilishe herufi mbili tatu. Sikukukuta, huyu akaanza kulia, nikakimbia. Jina nililiacha palepale."

"Na ungetaka kulitoa?"

"Ningechukua mkasi. Mimi na subira tulishagombana."

Kimya alimwamini. Wifi naye alikuwa kazini tangu alfajiri. Uzi haukukatwa popote. Mshono wa mnyororo ukiuvuta kwa mwanzo unakaza. Lazima utafute mwisho wake kwa nyuma, ulegeze kifundo, ndipo unafumuka wote. Hilo hulijui bila kushika sindano miaka. Na sakafuni hapakuwa hata na kipande. Mwizi gani hubeba uzi uliotumika?

"Bibi yuko?"

Alikuwa chumba cha ndani, kitini, na sweta lake la kijivu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Keti."

Kimya hakuketi. "Sweta limepata kifungo."

"Kilikuwa kinaning'inia tangu mwezi jana."

"Uzi huo ulioshonea kifungo niliusokota mwenyewe, kijani cha majani na kijani cha chupa. Dukani haupo."

Bibi alikifunika kifungo kwa kiganja, akakifunua.

"Mke wa mwanangu aliporudi alisema duka halina mtu, nikaenda fundi viatu akiwa kaenda kula. Nimedarizi mashuka miaka thelathini. Kuutupa uzi mzima, mkono ulikataa."

"Lakini ni jina lako, bibi."

"La dada yangu. Alikufa na miaka mitatu, nikazaliwa mwaka uliofuata, nikavikwa. Enzi zile lilikuwa fahari, kila mlango una Zainabu wake. Mama akiniita, naitika, naye anatazama nyuma yangu, kama kuna mwingine anakuja. Kafa hivyo hivyo. Leo nikitazame kichanga kile kikivikwa tena?"

"Ungemwambia mwanao."

"Kalichagua kunifurahisha. Alilia siku aliponieleza. Nimwambie zawadi yake inaniwasha?"

Uani zilisikika hatua. Saa kumi ilikuwa haijafika, lakini baba mtoto alikuwa amewahi, na bosi alikuwa naye, akimtaka radhi kila hatua.

Bibi alimshika Kimya kiwiko. "Waambie ni wewe. Uzi ulikuwa mbovu, ukaufumua, ukaogopa kusema. Wewe bado kijana, kazi utapata nyingine. Mimi mwana ninaye mmoja tu. Nifichie, mjukuu wangu."

Pazia lilivutwa.

"Haya, Kimya," bosi alisema. "Ni nani?"

Kimya alisimama katikati yao, kiwiko bado mkononi mwa bibi, na watu wote watatu wakimtazama mdomo.