Lenzi Nje ya Mchele

Laptop haikuwepo. Diski ya nje nayo haikuwepo. Kufuli lilikuwa limekatwa na kutupwa sakafuni, na Eladio Chumpitaz, mpiga picha za sherehe, alikaa kwenye kiti chake kama mtu aliyefiwa.

Studio yake ilikuwa ghorofa ya tatu ya jengo la maduka ya kompyuta, katikati ya Lima. Haina dirisha. Kuta zote kazipaka kijivu, ili rangi zisimdanganye akihariri picha. Watu wawili wakiingia, hewa inaanza kugombaniwa. Inspekta Nélida Huarcaya alisimama mlangoni kwa sababu hapakuwa na pengine pa kusimama.

Nje, kwenye benchi la korido, aliketi mama mmoja kavaa nyeusi: Fabiana Yarlequé. Mwezi wa tatu Eladio alipiga picha sherehe ya binti yake ya kutimiza miaka kumi na mitano. Binti alicheza waltz na baba yake, na baba aliomba wageni wote waweke simu chini. Wiki tatu baadaye moyo wa baba huyo ukasimama. Picha za dansi ile alikuwa nazo Eladio peke yake. Mama Fabiana alitaka moja tu, ya misa ya Jumapili.

"Laptop uliinunua lini?" Inspekta aliuliza.

"Mwezi wa pili. Kwa Zoraida, hapo chini."

Kwa mara ya kwanza uso ulimchangamka. Alieleza alivyozunguka maduka siku nne akilinganisha vioo, alivyotaka inayofungua picha mia mbili bila kukwama. Zoraida akamwambia achukue na diski ya nje, moja ikifa nyingine ibaki. Hela ilikuwa imembana, akachukua ya kizamani, ile yenye sahani inayozunguka ndani.

"Na mwizi kakuachia chaja?"

Ilikuwa bado ukutani, taa yake ya kijani inawaka.

"Alikuwa na haraka, afande."

"Kakata kufuli nene hivi, halafu akakosa muda wa kuchomoa waya?"

Mjini hapa hata kibaka wa jana anajua laptop bila chaja ni nusu bei. Na kamera, ya bei kuliko vyote, ilining'inia kwenye msumari wake.

Inspekta akamwachia mlango askari aliyekuja naye, akashuka kwa Zoraida. Alimkuta anakula kiazi kilichojazwa nyama, mkono mmoja kwenye kibodi.

"Eladio? Huyo alinipigia Jumanne," Zoraida alisema.

Jumanne! Wizi umetokea Alhamisi.

"Alitaka nini?"

"Eti picha ukiifuta kwenye laptop, inarudi? Nikamwambia kwenye hiyo, kaka, sahau. Diski ya ndani ni ya kasi, ukifuta inajisafisha yenyewe."

"Na ya nje?"

"Ya nje hakuuliza. Ile ya kizamani mara nyingi inarudisha, mradi hujaandika kitu juu yake."

Inspekta alipanda ngazi mbilimbili. Akaingia, akafunga mlango nyuma yake. Eladio akatazama mlango, akatazama kuta. Hakuwa na pa kutazama tena.

"Lenzi zako huwa zinalala wapi?"

Aliinua kidole polepole kuonyesha ndoo ya plastiki yenye mfuniko, imejaa mchele. Unyevu wa Lima huotesha ukungu ndani ya kioo, na kila mpiga picha anajua mchele unaunyonya.

"Mbona leo ziko mezani?"

Zilikuwa tano, zimepangwa wazi kwenye unyevu. Inspekta akazamisha mkono kwenye mchele mpaka kiwiko, akatoka na diski.

"Haya. Sema."

"Nilizifuta mwenyewe," Eladio alisema. "Laptop ilijaa, nikafuta folda nikijua iko kwenye diski. Jumatatu nikatafuta nafasi ya harusi ya Jumamosi, nikafuta kwenye diski nikijua iko kwenye laptop. Kadi za kamera nilishazitumia tena."

"Laptop iko wapi?"

"Kwa dada yangu."

"Si ungemwambia tu huyo mama?"

"Kila siku anakuja. Ananiletea supu, ananiambia pole na kazi, mwanangu. Mwizi angemlaani, yakaisha. Mimi angenisamehe, afande. Hilo ndilo sikuliweza."

"Umeandika chochote humu tangu Jumatatu?"

"Niliogopa hata kuigusa."

Taarifa ya uongo kwa polisi ni kosa, na maelezo yake yaliandikwa palepale. Zoraida aliitwa juu na kompyuta yake, akahangaika na ile diski kwa muda wa saa tatu mbele ya Inspekta. Kati ya picha za dansi ilirudi moja, tena nusu. Juu, uso wa baba, kidevu kimeegemea nywele za binti, macho kafumba. Kuanzia kifuani kwenda chini, kijivu kitupu.

Wakamwita Mama Fabiana ndani, wakamwambia yote. Wanne katika chumba kile, hakuna aliyeweza kurudi hata hatua. Mama aliitazama picha muda mrefu.

Eladio, pingu mkononi, akasogea kidogo kwenye kioo cha kompyuta.

"Hapo chini naweza kupajaza, mama. Gauni, mikono. Saa mbili tu, hutajua."

"Usiiguse," alisema Mama Fabiana.